Foleni ya Mvivu

16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujaanza kusoma. Mimi mzima kiasi changu. Mguu wa kushoto unanisumbua asubuhi, lakini ukishaizoea barabara unaniacha niendelee na mambo yangu. Wewe kidonda kinaendeleaje? Usiinue vitu vizito. Utaniambia kazi yako ya kutunza mashine za kompyuta haina mizigo, lakini mimi ndiye niliyekuzaa, ukiona meza imekaa upande lazima uisogeze mwenyewe.

Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimia sana. Mke wake ananiletea chakula kila mchana, nami nakula nusu ili asininunie.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu tukimaliza tu kuitikiana mmoja analia, mwingine anamfuata, salio linakwisha na hatujaongea kitu. Halafu hili jambo linataka maandishi. Unazijua amri za hiyo Linux yenu ya kuendeshea kompyuta, ukikosea nafasi moja tu inakuona mjinga.

Jambo lenyewe ni printa. Mvivu amegoma. Nikibonyeza kuchapa, kompyuta inanikubalia vizuri kabisa, hailalamiki, halafu hakuna kinachotoka. Taa ya kijani inawaka. Karatasi zimo na wino upo. Mwalimu mkuu ameleta mitihani yake, na kuna binti mmoja anasubiri kadi za harusi. Wengine nimewaelekeza kwa yule jamaa wa ng'ambo ya barabara, na unajua ninavyompenda.

Alikuja fundi simu mmoja akaangalia, akatingisha kichwa, akasema dawa ni kufuta kila kitu kilichomo tuanze upya. Nilimtoa dukani. Mdogo wako ndiye aliyeifunga ile mashine na kuipa printa jina hilo, kwa kuwa inachelewa kuamka kuliko yeye. Alichofunga yeye hakifutwi na mtu. Niambie la kufanya.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Kidonda kimefunga na nyuzi zimetolewa. Meza sijainua, nimeisukuma kwa goti. Kula sahani nzima, tafadhali. Mke wa fundi ana macho, anajua kinachorudi na kinachobaki.

Mimi nipo, nashinda kwenye chumba cha mashine chenye baridi, zinavuma kutwa nzima, na nikitoka nje masikio yanaendelea kuvuma hadi nyumbani. Kazini wamenipa pole, kila mmoja kwa zamu yake, kisha wakarudi kuniuliza kwa nini barua pepe hazifunguki.

Kuhusu Mvivu: umefanya vizuri kumtoa yule fundi. Sasa sikiliza. Printa ikikubali kazi halafu isitoe kitu, mara nyingi kosa si la printa. Unapobonyeza kuchapa, kazi haiendi moja kwa moja kwenye karatasi. Inaingia kwanza kwenye foleni ndani ya kompyuta, na huko kuna karani anayepokea kila kitu na kutoa moja moja. Karani akisimama, foleni inaendelea kurefuka na nje hakitoki kitu. Kwa hiyo acha kumpiga Mvivu makofi. Usikatae, najua unampiga.

Anza na yale ya kawaida. Mzime, chomoa waya wa umeme na ule mwembamba unaokwenda kwenye kompyuta, subiri kidogo, chomeka tena, washa. Asipoamka, fungua lile dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta uandike hivi, herufi ndogo zote, na nafasi kabla ya kile kistari:

lpstat -p

Hiyo itakuambia hali ya Mvivu. Kisha:

lpstat -o

Hiyo itakuonyesha foleni. Kila kazi ina mstari wake na namba yake, na iliyotangulia ndiyo iko juu. Nakili yote unitumie, hata usiyoyaelewa. Usininakilie kama unavyowafanyia marehemu wako, kufungua ratiba ya mazishi ya mtu aliyepita, kubadilisha jina na picha, basi kazi imekwisha. Nakumbuka yule mwalimu mstaafu uliyemzika na cheo cha brigedia, watu wakaanza kutafutana nani apige saluti. Mdogo wangu alicheka hadi akakaa chini.

Nimemtaja bila kukusudia. Nauacha mstari ulivyo. Mambo ya siku ile sijakuuliza, na leo pia sikuulizi.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa posta siku nyingi kwa sababu yule bwana wa dirishani alikuwa likizo na ufunguo wa masanduku alikwenda nao. Ndiyo nchi tuliyonayo.

Nakula. Mke wa fundi alinipa maneno makali mpaka nikaramba sahani. Fundi mwenyewe anashona bila utani siku hizi. Alikuwa na kitambaa cha kijivu alichokiweka kwa ajili ya suti ya mdogo wako, ule utani wao wa kila siku, kwamba siku akileta mchumba suti inashonwa bure. Sasa kile kitambaa kiko pale kwenye rafu na hakuna anayekigusa. Wateja wanakiulizia, anasema kimeshachukuliwa.

Nimezima na kuchomoa na kuchomeka. Hakuna kitu. Nimefungua dirisha jeusi. Amri ya kwanza imeleta hivi: “printer Mvivu disabled since 22 Jan”, yaani imefungwa tangu 22 Januari, na chini yake neno moja, “Paused”. Hakuna zaidi.

Amri ya pili imeleta foleni ndefu. Kuna Mvivu-641, hiyo ni mitihani ya mwalimu mkuu, naijua kwa tarehe. Mvivu-642 mitihani tena, nilidhani haikuingia. Mvivu-643 kadi za harusi. Zinazofuata ni barua za watu za kuomba kazi, nadhani wameshapata kazi au wamekata tamaa. Juu kabisa kuna mstari mwingine, huo sikuuandika, hauhusiani na tatizo.

Yule binti wa harusi amekwenda kuchapa kadi ng'ambo. Alikuja kuniaga kwa heshima zote, mpaka nikaona aibu mimi.

Baba yako

22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Huku mvua.

Leo sina habari nyingine za kuanzia, utanisamehe. Mashine ikisimama yenyewe, kwa waya kulegea au karatasi kukwama, mara nyingi huacha maneno ya kueleza kilichoisimamisha. Ikiandika “Paused” peke yake, ni mtu aliyeisimamisha. Pale dukani anayekaa kwenye kompyuta ni wewe tu. Na tarehe uliyoninakilia ni siku moja kabla hamjamzika mdogo wangu.

Mstari wa juu ni namba 640. Ni ratiba ya mazishi yake, sivyo?

Nilimpigia mke wa fundi. Nilimwuliza kitu kimoja, ratiba ilikuwaje, ilikuwa na picha gani. Kisha akasema hapakuwa na ratiba. “Baba yako alisema printa imeharibika, msemaji akasema yaliyokuwa kichwani mwake, na mwaka aliozaliwa mdogo wako akaukosea.” Wewe, baba! Umechapia mtaa mzima. Umewachapia watu ambao hata hukuwasalimia walipokuwa hai, na hukukosea ila yule brigedia wako. Halafu mwanao akaenda bila hata karatasi moja yenye jina lake.

Na kwa kuwa nimeshaanza, acha nimalize. Nilikuwa nimelala na sindano ya dawa mkononi ulipopiga simu. Ukaniuliza hali, ukasema huko kila mtu mzima. Nyuma yako nilisikia watu wengi. Nikakuuliza, mbona makelele? Ukasema ni wateja. Nilifurahi, baba. Nililala nikifurahi kwamba duka limejaa. Kumbe ni watu wa msiba, na mdogo wangu alikuwa ameshaanguka kutoka kwenye paa akifunga dishi la watu. Mkamzika, nikatoka hospitali, ndipo ukaniambia. Najua ulisema daktari alikataza nisishtuliwe. Nimejaribu kulikubali hilo na bado sijaweza.

Sikuona uso wake. Sikutupa udongo. Sina kitu chochote cha siku ile, na hiyo namba 640 ndiyo pekee iliyobaki. Ukitaka Mvivu afanye kazi, amri ni hii:

cupsenable Mvivu

Lakini ujue, ukiiandika, ya kwanza kutoka itakuwa hiyo ya juu. Nadhani unajua, na ndiyo maana hujaniuliza.

Binti yako

12 Juni

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimempigia tena mke wa fundi, akasema u mzima, unafungua duka asubuhi, unakaa mbele ya kompyuta, jioni unafunga. Sasa hivi hata wa kumwelekeza ng'ambo hayupo, wanakwenda wenyewe.

Nilikuandikia kwa hasira. Hasira haijaisha, lakini nakuhitaji kuliko ninavyoihitaji. Nisamehe ulimi wangu.

Nimefikiria sana. Nadhani umeona njia mbili, ama kuichapa ama kuifuta, na zote zinakushinda. Iko ya tatu. Kazi inaweza kuwekwa pembeni kwenye foleni, isichapwe na isifutwe, ikae hapo hapo na namba yake huku zile za nyuma zinapita. Mtu akiwa na mgonjwa foleni haimfukuzi, anakaa kwenye benchi mpaka awe tayari. Andika hivi:

lp -i Mvivu-640 -H hold

Kisha ndipo uandike ile cupsenable Mvivu. Itatoka mitihani, zitatoka kadi za yule binti aliyeshaolewa, na 640 haitaguswa. Fanya kazi, baba. Duka likifa nitakuwa nimewakosa wote wawili.

Na siku ukiweza, siku yoyote, si lazima mwaka huu, hizi ni za kuitoa nakala moja tu:

lp -i Mvivu-640 -n 1

lp -i Mvivu-640 -H resume

Ikitoka, nitumie. Sitauliza zaidi ya hapo.

Binti yako

5 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Natumai baridi ya kile chumba haikuingii kifuani. Mguu wangu ni ule ule. Mke wa fundi amenikaripia kwa kutokukujibu, akasema mzee mzima ananuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Sikununa. Kalamu ilikuwa nzito.

Niliandika ile ya kuweka pembeni. Nikaogopa sana kubonyeza, nikamwita fundi asimame nyuma yangu, ingawa hajui hata kuwasha kompyuta. Kisha nikaandika ile ya kumwamsha Mvivu. Akakohoa, akaguna, akaanza. Mitihani ikatoka yote, ya muhula ambao umeshapita. Kadi za harusi zikatoka, nzuri ajabu, nimempelekea binti yule nyumbani kwake azitunze tu, tumbo lake limeshaanza kuonekana. Fundi akapiga makofi kana kwamba ni yeye aliyetengeneza. Tangu siku hiyo duka linafanya kazi. Yule wa ng'ambo ameanza kunisalimia tena, maana yake wateja wamerudi.

Sasa ya 640. Uliuliza, nami nilikuacha bila jibu, na si vizuri.

Siku ile watu walijaa nyumbani. Wakasema ratiba aandike mtu mwingine. Nikakataa. Nikasema mwanangu nitamchapia mimi. Nikaja dukani peke yangu, nikafanya kama ninavyofanya siku zote, nikafungua faili la marehemu aliyepita, yule mwenye mashine ya kusaga. Nikatoa jina lake nikaweka la mdogo wako. Nikatoa picha. Nikabadilisha tarehe, shule, kazi, jina la mama yenu, jina lako. Macho yalikuwa yamejaa maji, nilikuwa naiona kibodi kwa mbali. Nikaagiza nakala za kuwatosha watu wote, Mvivu akaanza.

Ya kwanza ikatoka nikaishika nikaikagua, ile ile desturi yangu ya kukagua ya mteja. Kila kitu kiko sawa. Nikafika chini, kwenye wasifu. Imeandikwa: “Marehemu ameacha mjane na watoto watatu.”

Nilikuwa sijakibadilisha kifungu hicho. Ni mjane na watoto wa yule mwenye mashine ya kusaga.

Nikasimamisha printa. Nikasema nirekebishe, ni kazi ndogo, nimeifanya miaka mingi, unaweka kidole kwenye kitufe unafuta. Nikaweka kidole. Nikashindwa, mwanangu. Mimi nimemtania yule kijana kuhusu kuoa tangu alipoanza kunyoa ndevu. Nilikuwa nimeshawapangia majina. Nilikuwa nimeshamwambia fundi kwamba mtoto wa kwanza akija atashonewa na yeye suti. Halafu hapo mbele yangu wapo, wameandikwa kwa herufi nzuri, mke na watoto watatu, na mimi ndiye niwafute kwa mkono wangu siku moja kabla sijamzika baba yao. Nikisambaza ilivyo, watu watacheka, watakumbuka brigedia. Nikirekebisha, nimewazika na hao wanne. Nikazima kila kitu nikaenda nikasema printa imeharibika.

Ile nakala ya kwanza niliikunja. Kabla hawajafunga jeneza niliomba nimwone, nikaitia kwenye mfuko wake wa shati. Nikamwambia aende na familia yake. Hakuna aliyejua.

Na wewe nilikudanganya. Si kwa ajili ya daktari. Daktari alisema ni juu yangu. Nilikaa na simu mkononi nikasema, maadamu huyu mmoja hajajua, kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake mwanangu bado yuko hai. Nilitaka abaki hai mahali fulani siku moja zaidi. Ikawa siku nyingine, na nyingine. Nilikuibia kumzika ndugu yako. Hilo halina amri ya kulirekebisha, nami sikuombi ulisahau.

Jana baada ya kufunga mahesabu ya mchana, duka likiwa tupu, niliandika zile amri zako mbili. Nakala moja. Mvivu hakuchelewa kama kawaida yake. Nimekuwekea humu ndani. Sijarekebisha kitu. Nilipotazama foleni tena, mstari wa juu haukuwepo. Nilikaa nikiitazama ile nafasi.

Usicheke. Ukitaka kucheka, cheka.

Baba yako

30 Julai

Shikamoo, Babu.

Imefika. Haikukunjamana. Picha umechagua ile ya paa la nyumbani, aliyokuwa ameshika nyundo akijifanya anapiga gitaa. Mwaka wa kuzaliwa uko sawa.

Nimeisoma kwenye chumba cha mashine, huko hakuna anayesikia mtu akilia. Nimefika mpaka chini. Nikausoma ule mstari, nikaurudia, kisha nikafanya nilivyokuwa nafanya zamani alipokuwa akiniletea mambo yake ya kijinga, nikamwambia kwa sauti: sasa watoto watatu mimi nitawalisha nini?

Wiki ya mwisho ya Agosti wamenipa likizo. Nakuja. Utanipeleka alipolala, tutakwenda mimi na wewe tu. Mwambie fundi kile kitambaa cha kijivu asimpe mtu. Na ile faili ya 640 usiifungue kumwandikia marehemu mwingine, hata jirani, hata ndugu. Ifungie mahali pake.

Siku zangu zikifika, nichapie ratiba yangu kutoka humo humo, au atakayekuwepo anichapie. Kwenye wale nilioacha, waandike na wao, wale watatu na mama yao.

Shangazi yao